Barua ya Wazi kwa Mmiliki wa Bwawa Lililo Juu ya Kijiji Chetu: Tunaomba Sentimita 60 Zetu Kabla ya Masika

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa kampuni inayomiliki shamba la maua na kahawa lililo juu ya bonde letu.

Nakala kwa: Naibu Kamishna wa Kaunti; ofisi ya vibali vya maji ya eneo; idara ya maji na mazingira ya kaunti; mwakilishi wetu wa wadi; na chifu.

KUH: USALAMA NA UTUNZAJI WA BWAWA LA UDONGO LA SHAMBA LENU

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zetu za heshima. Haikuwa nia yetu kukuandikia mbele ya watu. Barua yetu ya kwanza tuliileta langoni kwenu mwezi Juni mwaka juzi, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yake tunayo. Ya pili tuliileta Novemba iliyopita, siku tatu baada ya sisi wenyewe kupima maji yanayovuja chini ya tuta. Ya tatu, ya Januari, tuliipeleka katika ofisi ya vibali vya maji, ambako tuliambiwa kwamba faili lipo mezani kwa mkubwa na kwamba mkubwa yuko safarini. Kutoka kwenu tulipata simu moja tu, ya kijana mwenye adabu aliyesema kwamba jambo letu linashughulikiwa. Tangu siku hiyo hakuna mhandisi aliyeonekana juu ya tuta, na mvua za masika ziko karibu kuanza. Kwa makusudi nimeacha jina la kampuni na la kijiji, kwa kuwa hatutafuti kumwaibisha mtu, na wenyewe mnajijua.

Ningependa pia ujue anayekuandikia ni nani. Kabla kampuni yako haijalinunua shamba hilo, nilikuwa mwendesha pampu hapo kwa miaka 11. Kila asubuhi nilitembea juu ya tuta kutoka mwanzo hadi mwisho, nikisoma kimo cha maji kwenye mti uliochorwa alama na kukiandika katika daftari. Ninajua bomba la chini limelazwa wapi, na ninajua ni sehemu gani ya tuta iliyojengwa kwa udongo wa kichanga kwa sababu udongo wa mfinyanzi uliisha kazi ikiwa karibu kumalizika. Hatuombi bwawa libomolewe. Binti zetu wanafanya kazi katika vivungulio vyenu, zile nyumba za kukuzia maua, na maji yanayotoka pale wakati wa kiangazi ndiyo yanayofanya kijito chetu kisikauke kabisa. Tunachoomba ni bwawa litunzwe kama chombo cha hatari, kwa kuwa ndivyo lilivyo: ukuta wa udongo wenye kimo cha mita 7, maji yanayofunika takriban hekta 3 yakiwa nyuma yake, na kaya zaidi ya 100 zikiwa chini yake.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Njia ya maji ya ziada imeinuliwa.

Hili ndilo kubwa kuliko yote, na kama utasoma jambo moja tu katika barua hii, nakuomba liwe hili. Upande wa kushoto wa tuta kuna njia ya kumwagia maji ya ziada, ile ambayo sisi wafanyakazi tuliiita spilwei, yenye upana wa mita 6. Ilijengwa ili sakafu yake iwe mita 1.5 chini ya mgongo wa tuta. Nafasi hiyo ya mita moja na nusu haikuachwa kwa kusahau. Ndiyo inayopokea mafuriko, ili maji yatoke kwa mlango wake badala ya kupanda juu ya udongo. Katika kiangazi cha mwaka juzi watu wenu walipanga magunia ya mchanga kwenye kizingiti hicho, kisha wakayamwagia zege, na sasa kizingiti kiko juu kwa sentimita 60. Sababu tunaielewa vizuri. Sentimita 60 juu ya eneo la hekta 3 ni takriban mita za ujazo 18,000, yaani lita milioni 18 za kumwagilia maua ambazo hamkuwa nazo awali.

Lakini tazama mlicholipa kwa maji hayo, au tuseme mlichotulipisha sisi. Mgongo wa tuta wenyewe haujabaki ulivyokuwa. Mahali ambapo ng'ombe na pikipiki huvukia, udongo umeshuka kwa kiasi cha sentimita 30. Tulipima kwa mpira wa maji wa kupimia usawa, ule ambao kila fundi wa nyumba hutumia, mbele ya mashahidi wanne, mmoja wao akiwa mzee wa kijiji. Kimo cha tuta ni kimo cha sehemu yake iliyo chini kabisa, kwa kuwa hapo ndipo maji yatakapoanza kumwagika. Ukitoa sentimita 60 za magunia na sentimita 30 za kushuka kwa udongo, nafasi iliyobaki ni sentimita 60, si mita 1.5 tena.

Mtu anaweza kudhani kwamba kwa hesabu hiyo uwezo wa spilwei umepungua hadi asilimia 40 ya ule wa awali. Sivyo. Maji yanayopita juu ya kizingiti huongezeka kwa kasi zaidi kuliko kina chake, na kina kikipungua, uwezo hupungua kwa kasi hiyo hiyo. Mhandisi wenu akikokotoa kwa kanuni ya kawaida ya vizingiti, atakuta kwamba spilwei hiyo sasa inaweza kupitisha takriban robo tu ya maji iliyoweza kuyapitisha zamani kabla hayajafika juu ya tuta. Na robo hiyo ni kama njia iko wazi, nayo haiko wazi. Mmetandaza wavu kutoka ukingo hadi ukingo ili samaki wasitoroke, na wavu huo umeshika gugumaji, matawi na chupa za plastiki.

Sote tunakumbuka Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024. Mwanzoni ilitangazwa kwamba bwawa limepasuka. Baadaye maofisa wakaeleza kwamba halikuwa bwawa: kalvati iliyo chini ya tuta la reli ilikuwa imeziba, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hilo mpaka likakatika, na makumi ya watu wakafa. Tuta ambalo halikujengwa kuzuia maji liligeuka bwawa kwa sababu njia ya maji iliziba. Sasa nyinyi mna bwawa kamili, na njia yake ya maji mmeiziba kwa mikono yenu.

2. Mvujo unaongezeka wakati maji yanapungua.

Kila bwawa la udongo huvuja kidogo, na hilo peke yake lisingetutia hofu. Hata katika siku zangu kulikuwa na unyevu mguuni mwa tuta, upande wa kulia, mahali ambapo matete huota. Kinachotutisha ni mwenendo wake. Mwezi Novemba, bwawa likiwa limejaa baada ya vuli, tulichimba mfereji mdogo, tukaweka kipande cha bomba, na tukakinga maji kwa jerikeni ya lita 20. Ilijaa kwa sekunde 50. Mwishoni mwa Januari, bwawa likiwa limeshuka kwa karibu mita nzima kwa sababu ya pampu na jua, tulirudia kipimo hicho hicho mahali hapo hapo. Jerikeni ilijaa kwa sekunde 20. Hiyo ni lita moja kila sekunde, au lita 86,400 kwa siku.

Mheshimiwa, maji yakishuka bwawani msukumo hupungua, na mvujo nao ungepaswa kupungua. Ukiongezeka, maana yake ni kwamba njia yenyewe ndani ya tuta inapanuka. Pia tuliacha maji ya Januari yatulie katika chupa usiku kucha, na asubuhi tulikuta udongo laini umekaa chini, unene wa ukucha. Maji ya Novemba yalikuwa safi. Maji safi yanayovuja ni hasara ya mwenye bwawa. Maji yenye udongo yanamaanisha kwamba tuta linaliwa kutoka ndani, kuanzia upande wa nje kurudi kwenye maji, kidogo kidogo, mpaka tundu likutane na bwawa, na likikutana nalo hakuna gunia wala trekta litakaloziba. Chupa zote mbili tumezihifadhi, na yeyote anayetaka kuziona anakaribishwa.

3. Mikaratusi na fuko.

Mikaratusi imeachwa ikaota kwenye mteremko wa nje, na mingine sasa ina unene wa paja. Mzizi mkubwa ukifa na kuoza huacha bomba tupu ndani ya udongo. Lakini msiing'oe yote kwa siku moja bila mhandisi, kwa kuwa shimo la kisiki nalo ni jeraha. Fuko wamechimba kando ya mikaratusi hiyo. Zamani palioteshwa nyasi fupi tu, na zilikatwa kila mwezi.

4. Vali ya chini haifunguki.

Bomba la chini lina vali ya chuma iliyowekwa ili maji yaweze kupunguzwa kukitokea dharura. Ninaifahamu kwa sababu nilikuwa nikiipaka grisi na kuizungusha kila baada ya miezi mitatu, hata kama hatukuhitaji maji, ili isishikane. Mlipoanza kuvuta maji kwa pampu zinazoelea, vali ilisahaulika. Vijana wanaofanya kazi kwenu wameniambia kwamba gurudumu lake limeshikwa na kutu na halizunguki. Ina maana kwamba siku mtakapohitaji kulipunguza bwawa haraka mtakuwa mnategemea pampu, na pampu zenu hutumia umeme, na kila mkazi wa hapa anajua umeme hufanya nini mvua kubwa inapoanza.

5. Hakuna mlinzi wa bwawa wala tahadhari.

Mlinzi yuko kwenye vivungulio, hayuko kwenye tuta. Hakuna king'ora, na hakuna namba ya simu ambayo mtu wa bondeni anaweza kupiga usiku. Shule ya chekechea iko umbali wa mita 400 hivi kutoka mguuni mwa tuta. Bwawa la Solai, kule Nakuru, lilipasuka jioni ya tarehe 9 Mei 2018, giza likiwa limeingia, na likaua watu zaidi ya 40. Lilikuwa bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi, kama lenu. Ni baada ya mkasa ndipo umma ulipoelezwa kwamba halikuwa na kibali, na ndipo wahandisi walipoanza kupunguza maji katika bwawa jingine la shamba hilo hilo. Tunauliza tu kwa nini kazi kama hiyo isifanyike mapema.

6. Hatujawahi kuonyeshwa karatasi yoyote.

Hatujui kama bwawa lina kibali chini ya Sheria ya Maji ya 2016, na kama lipo kibali, hatujui kilitolewa kwa kimo kipi cha maji. Kama kilitolewa kabla ya magunia, basi bwawa mnalolitumia leo si lile lililopewa kibali.

Najua baadhi ya majibu mtakayotoa, kwa sababu mengine tumeshayasikia pembeni.

Mtasema bwawa limesimama zaidi ya miaka 30 na halijawahi kumdhuru mtu. Ni kweli, nami nilikuwa sehemu ya sababu. Lakini lililosimama miaka hiyo lilikuwa na spilwei wazi, vali inayozunguka, na mtu wa kulitembelea kila siku. Hili la sasa lina umri wa miaka miwili.

Mtasema ni watu waliosogea kujenga kwenye mkondo wa maji. Katika hili mna haki kwa sehemu, na sitaficha. Tumehesabu nyumba 9 zilizo karibu mno na kijito, na kamati ya wakazi imeanza kuzungumza na wenyewe ili wahame, ingawa wawili bado wanatutukana. Nyumba nyingine zote, pamoja na shule, zilikuwepo kabla ya magunia. Zaidi ya hayo, kadiri watu wanavyoongezeka chini ya bwawa, ndivyo wajibu wa mwenye bwawa unavyoongezeka. Bwawa lililojengwa juu ya malisho matupu likawa juu ya kijiji haliwezi kutunzwa kama vile bado lipo juu ya malisho.

Mtasema ukame unawalazimu kuhifadhi kila tone. Basi ondoeni tope. Kila mtu aliyewahi kushuka bwawani wakati wa kiangazi anajua kwamba mwisho wa juu, mahali kijito kinapoingia, umejaa tope la miaka mingi ambalo mtu huzama hadi kiunoni. Mkichimba pale mtapata sehemu kubwa ya zile mita za ujazo 18,000 bila kupandisha maji hata sentimita moja, na wakulima wa hapa watalichukua tope hilo kwa mikokoteni yao wenyewe, maana mboga hupenda udongo huo. Ni gharama, ndiyo. Magunia yalikuwa rahisi kwa sababu gharama yake halisi ilihamishiwa kwetu.

Mtasema kazi ya kizingiti ilifanywa na mkandarasi, kwa hiyo aulizwe yeye. Hoja hii ni ya zamani kuliko mabwawa yetu yote. Katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1868, mwenye kinu alijengewa bwawa na wataalamu aliowaajiri, maji yakapenya kwenye mashimo ya zamani na kufurika mgodi wa jirani. Yeye mwenyewe hakuonekana kuwa na uzembe, na bado alipatikana na wajibu wa kulipa, kwa kuwa anayekusanya ardhini mwake kitu kinachoweza kuleta madhara kikitoroka, hukiweka kwa dhamana yake. Kanuni hiyo tuliirithi pamoja na sheria nyingine za Waingereza, na mahakama za Kenya huitumia hadi leo. Wakili wenu anaijua.

Na huenda mkasema natumwa na mwanasiasa. Mwakilishi wetu wa wadi atakuwa wa kwanza kuwaambia kwamba na yeye nimemchosha.

Kwa ofisi ya vibali vya maji nina neno fupi. Mlituambia hamna gari. Kutoka mjini hadi kwetu ni matatu moja na bodaboda moja, na nauli ya afisa mmoja, kwenda na kurudi, wakazi wako tayari kuichanga. Ninaandika hivyo bila kejeli.

Tunayoomba, Mheshimiwa, ni haya. Ndani ya siku 14 tangu barua hii itoke, magunia na zege viondolewe kizingitini na wavu utolewe kabisa, ili spilwei irudi kimo chake cha awali kabla ya masika. Kuanzia sasa mpaka bwawa likaguliwe, pampu zitumike kushusha maji hadi angalau mita 2 chini ya mgongo wa tuta, na yasiachwe kupanda tena. Ndani ya siku 30 mhandisi aliyesajiliwa, mwenye uzoefu wa mabwawa ya udongo, alikague tuta zima, aanze na mvujo, na ripoti yake isomwe katika baraza la chifu mbele ya wakazi, si muhtasari wake. Vali ifunguliwe au ibadilishwe. Sehemu iliyoshuka ijazwe na kushindiliwa chini ya usimamizi wa mhandisi huyo, na ng'ombe na pikipiki zitafutiwe njia nyingine, jambo ambalo sisi wenyewe tutasaidia kulisimamia. Katika miezi yote ya mvua awepo mtu kwenye tuta usiku na mchana, mwenye simu iliyo na chaji na orodha ya namba zetu.

Kuhusu karatasi, tunaomba nakala ya kibali na ya ukaguzi wa mwisho kwa mujibu wa Ibara ya 35 ya Katiba, ambayo haiishii kwa serikali pekee bali inagusa pia taarifa zilizo mikononi mwa mtu mwingine pale zinapohitajika kulinda haki. Kwa upande wa ofisi ya umma, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inatoa siku 21 kwa maombi ya kawaida na saa 48 kwa yale yanayohusu uhai wa mtu. Haya yetu yanahusu uhai, na saa zinahesabiwa kuanzia ofisi itakapopokea nakala hii.

Siku 14 zikipita kizingiti kikiwa kama kilivyo, tutakwenda mahakamani chini ya Ibara ya 70 ya Katiba. Ibara hiyo haimtaki mlalamikaji aonyeshe kwamba kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au kuumia, na ndiyo maana tunaichagua.

Mhandisi wenu akija, tafadhali aniite. Mahali mvujo unapotokea hapaonekani kutoka barabarani kwa sababu ya matete, na mtu asiyepajua anaweza kuzunguka asubuhi nzima na kurudi kuripoti kwamba ni pakavu. Nitampeleka mwenyewe, na jerikeni nitabeba.

Wako kwa heshima,

Katibu,
kwa niaba ya wakazi wa bondeni